Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: Damu ya Kilifi na daftari la mtafiti

Siku moja nilipita mlangoni kwa bibi mmoja, jirani yetu wa zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanikalisha na kunitilia kahawa. Nilipokuwa naaga alinishika mkono akaniuliza swali ambalo hadi leo lanikera.

"Mwanangu," alisema, "wewe ni mtu wa magazeti. Mjukuu wangu alipokuwa mdogo walikuja watu wa utafiti. Wakatueleza, nikatia dole gumba, wakamtoa damu kidogo mkononi. Walitwambia ni kwa sababu ya malaria. Sasa kijana ana ndevu. Ile damu ilikwenda wapi?"

Juu ya tone lile hasa sikuwa na la kumjibu, wala walioichukua siwajui. Walakini yako matone mengine ya watoto wa pwani yetu ambayo njia yake inajulikana. Imeandikwa mwaka kwa mwaka na jina kwa jina katika makala za wanazuoni. Tatizo ni kwamba makala hizo haziletwi barazani, na zikiletwa, lugha yake si yetu. Kwa hiyo leo, msomaji mpenzi, nakuomba tufungue pamoja daftari la mtafiti mmoja tulisome, ili tujue damu huwa inakwenda wapi, inarudi na nini, na nani huandikwa jina njiani.

Mtafiti nitakayemtaja ni Profesa Faith Osier, Mkenya, daktari wa watoto na bingwa wa elimu ya kinga ya mwili. Nimemchagua kwa kuwa kazi iliyomtoa ameifanya Kilifi, na kwa kuwa katika orodha ya maandishi yake mtu anaweza kuona wazi jinsi elimu ya namna hii inavyojengwa.

KILIFI YENYEWE

Tuanze na mahali. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, inayojulikana kwa jina la KEMRI, ilianzishwa mwaka 1979. Miaka kumi baadaye, yaani 1989, kilianza kituo cha Kilifi kwa ushirikiano wa KEMRI, Chuo Kikuu cha Oxford na mfuko wa Wellcome Trust wa Uingereza. Walioanza nacho ni watu wachache, miongoni mwao Dakta Kevin Marsh na Dakta Norbert Peshu, kando ya hospitali ya Kilifi ambayo wodi yake ya watoto ilikuwa ikijaa kila msimu wa mvua.

Wale walio na umri wangu wanazikumbuka siku hizo. Mtoto akishikwa na degedege, wengine wakisema ni ndege amempitia, wengine wakakimbilia hospitali, na wengine wakafanya yote mawili. Makaburi ya watoto yalikuwa mengi.

Mwaka 1996 watafiti wa Kilifi walichapisha matokeo ya chandarua kilichotiwa dawa. Mbele ya orodha ya waandishi palikuwa na jina la Christopher Nevill. Waligawa vyandarua kwa baadhi ya vitongoji, vingine vikasubiri, kisha wakahesabu. Vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Leo chandarua ni kitu cha kila nyumba, hata mtu hadhani kwamba kulikuwa na siku ambapo faida yake ilihitaji kuthibitishwa. Ilithibitishwa hapa kwetu, kwa watoto wa hapa kwetu.

Na mwaka 2008 ikatoka makala nyingine katika jarida la Lancet la London, ikionyesha kwamba watoto waliolazwa Kilifi kwa malaria walipungua kutoka 18 hivi kwa kila 1,000 mwaka 2003 hadi 3 hivi kwa kila 1,000 mwaka 2007. Hiyo ni neema ambayo hatukuipigia hata ngoma.

DAFTARI LA MTAFITI

Sasa tumrudie Profesa Osier. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akaja Kilifi akiwa daktari kijana. Akasoma elimu ya kinga huko Liverpool, na shahada ya uzamifu akaichukua Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, huku kazi yenyewe akiifanya Kilifi. Swali lake lilikuwa lile lile ambalo kila mama wa pwani amewahi kujiuliza: mbona malaria humwangusha mtoto mdogo, na mtu mzima humpitia kama mafua?

Jibu la jumla lilikuwa likijulikana zamani. Mtu akiumwa na mbu mara nyingi, mwili wake hujifunza, ukatengeneza askari waitwao kingamwili. Kilichokuwa hakijulikani ni hawa askari wanamlenga adui sehemu gani. Kijidudu cha malaria kikitoka katika ini huingia katika damu kwa umbo liitwalo merozoiti, nalo huvamia chembe nyekundu. Merozoiti huyu amevaa protini za kila namna, na kila kundi la wataalamu lilikuwa limeshikilia protini yake moja likisema hii ndiyo ya kutengenezea chanjo.

Mwaka 2008 Osier na wenzake walichapisha makala katika jarida la Infection and Immunity la Marekani. Walikuwa wamepima damu ya watoto 119 wa Kilifi, kisha wakawafuatilia kwa miezi 6 waone nani ataugua. Hawakutazama protini moja, walitazama tano zilizokuwa mashuhuri. Wakaona kwamba mtoto mwenye kingamwili za namna nyingi, tena kwa wingi, ndiye aliyekuwa na nafasi ndogo zaidi ya kushikwa na homa. Kingamwili ya namna moja haikutosha.

Hapa mimi, mshairi mzee, nilicheka peke yangu. Wahenga wetu walinena, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya wahenga ni kile kijinga cha moto, na hii ya madaktari ni ngao; maneno ni mawili yaliyofanana sauti. Lakini maana imekutana: kijinga kimoja huzima, na ngao moja hupenya mshale.

Mwaka 2014 wakarudi na makala kubwa zaidi katika jarida la Science Translational Medicine. Safari hii walishirikiana na wataalamu wa taasisi ya Sanger, karibu na Cambridge, ambao walijua kuzitengeneza protini za kijidudu zikiwa na umbo lake sawasawa, kazi iliyokuwa imewashinda wengi. Damu ilikuwa ya watoto 286 wa Chonyi. Wakazipanga protini kwa nguvu ya kinga iliyoambatana nazo, wakachagua kumi za juu, na baadhi zilikuwa ambazo hapo awali hakuna aliyezijali. Wakakuta kwamba watoto waliokuwa na kingamwili za michanganyiko ya protini tano kati ya zile kumi, hakuna hata mmoja wao aliyeugua malaria katika miezi ile.

Tusije tukaruka kwa furaha kupita kiasi. Kuonekana pamoja si kusababishana. Mwenye mwavuli huonekana siku ya mvua, lakini mwavuli hauleti mvua. Makala ile ilionyesha uhusiano, haikuonyesha chanjo. Hadi leo chanjo ya malaria inayolenga kijidudu kikiwa ndani ya damu haijaidhinishwa. Mbili zilizokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, yaani RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zote humkamata kijidudu mapema, akitoka kwa mbu kabla hajatulia katika ini. Na hizo nazo zina deni kwa Kilifi, kama nitakavyoeleza.

JINSI YA KUSOMA MAJINA

Msomaji akiifungua makala ya tiba ataona kwanza msururu wa majina, kumi, ishirini, na pengine zaidi. Aliyezoea diwani ya mshairi mmoja hushangaa: kitabu gani hiki cha waandishi ishirini? Walakini sisi tuliopita vyuoni tusishangae sana, kwani tulifundishwa mapema kwamba habari huulizwa kwanza imepokewa kutoka kwa nani.

Katika elimu ya tiba mpangilio wa majina una maana. Wa kwanza aghalabu ni yule aliyeibeba kazi kwa mikono yake, akapima, akahesabu, akaandika rasimu. Wa mwisho ni kiongozi, mwenye maabara na mara nyingi ndiye aliyetafuta fedha. Walio katikati ni waliochangia kila mmoja kwa sehemu yake. Basi makala ile ya 2008 jina la kwanza ni Osier, la mwisho ni Marsh: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Ya 2014 vilevile.

Lakini geuza kurasa. Mwaka 2016 imetoka makala juu ya kinga dhidi ya malaria kali, jina la kwanza ni Linda Murungi, la mwisho ni Osier. Mwaka 2018 imetoka nyingine iliyoeleza kigae cha kupimia makumi ya protini za kijidudu kwa tone dogo tu la damu. Jina la kwanza ni Gathoni Kamuyu, la mwisho ni Osier, na chombo chenyewe kimeitwa KILchip, silabi ya Kilifi ikabaki ndani yake. Mwanafunzi amekuwa mwalimu, na mwalimu ana wanafunzi. Hilo ndilo la kutazama katika daftari la mtafiti.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi wanazuoni hupimwa kama magunia ya karafuu, kwa mizani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo kiitwacho fahirisi ya h: mtu mwenye makala 40 ambazo kila moja imetajwa na wengine mara 40 au zaidi, fahirisi yake ni 40. Vyuo hukitumia kuajiri na kupandisha vyeo. Kipimo hicho hakijui aliyekuwa wa kwanza wala aliyekuwa wa kumi na saba. Hakijui aliyewalea wengine. Makala yenye makosa ikitajwa mara nyingi na wanaoikosoa, nayo huhesabiwa. Kwa ajili hiyo mimi sitamhesabia Profesa Osier makala zake.

Ama ushirika wake, huo unafuatika. Alikwenda taasisi ya Burnet huko Melbourne, na kutoka huko ikaja mwaka 2014 makala kuhusu jinsi kingamwili zinavyomtia alama merozoiti ili amezwe na chembe nyeupe. Mwaka 2016 alipata tuzo ya Sofja Kovalevskaja ya Ujerumani, akaanzisha kundi Heidelberg. Baadaye akaenda Imperial College ya London. Kati ya 2019 na 2022 alikuwa rais wa umoja wa vyama vya elimu ya kinga duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Fauka ya hayo alianzisha ushirika uitwao SMART, wa kuwaunganisha watafiti wa nchi za kusini wenyewe kwa wenyewe, ili damu ya Mwafrika isifike kwanza Ulaya ndipo Mwafrika mwingine aione.

NANI YUKO MBELE

Hapa ndipo penye jambo zito. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kwamba mgeni huja, huchukua damu, huondoka, na makala hutoka kwa jina lake. Mwenyeji aliyemwonyesha njia, akamtafsiria, akampozea sampuli katika barafu, huishia kushukuriwa kwa mstari mmoja mwishoni.

Si maneno ya chuki haya. Mwaka 2019 Bethany Hedt-Gauthier na wenzake walichapisha uchunguzi wa makala 7,100 za ushirika wa afya Afrika, zilizotoka kati ya 2014 na 2016. Zaidi kidogo ya nusu ya waandishi wa kwanza walikuwa watu wa nchi inayozungumzwa. Lakini waliposhirikiana na vyuo vikubwa kabisa vya Marekani, wenyeji waliokuwa wa kwanza walishuka hadi chini ya robo. Kadiri mshirika alivyo mkubwa, ndivyo mwenyeji anavyosukumwa katikati.

Tukiitazama Kilifi kwa kipimo hicho, tuseme haki. Palianzishwa na wageni na wenyeji, fedha nyingi hadi leo hutoka nje, na ufunguo wa sanduku ni wa mwenye sanduku. Lakini Waafrika wengi wamesomea pale hadi uzamifu, na majina yao yametoka katikati yakafika mbele, kisha yakafika mwisho. Hilo halikutokea kwa bahati. Lilipangwa, likagharimiwa, likachukua miaka thelathini.

Nitamtaja mmoja zaidi, Mtanzania Ally Olotu. Mwaka 2007 lilianza jaribio la chanjo ya RTS,S kwa watoto wa Kilifi na wa Korogwe, mkoa wa Tanga. Watoto 447 wa Kilifi wakafuatiliwa miaka 7. Mwaka 2016 Olotu, akiwa mwandishi wa kwanza katika jarida la New England la Marekani, alitangaza habari ambayo haikumpendeza mtu: kinga iliyokuwa asilimia 36 hivi mwaka wa kwanza ilififia hata, kwa jumla ya miaka saba, ikabaki asilimia 4.4 tu. Na waliokuwa wakiishi penye mbu wengi, mwaka wa tano waliochanjwa waliugua zaidi kuliko wasiochanjwa.

Kuandika hivyo kwataka moyo. Mwenye chanjo anangoja sifa, mfadhili anangoja sifa, nawe unaleta hesabu. Walakini habari ile ilikuwa na faida: watoto wale walipata dozi tatu, na Shirika la Afya lilipoikubali chanjo mwaka 2021 lilipendekeza dozi nne. Kisha ikaja R21, na jaribio lake kubwa, lililochapishwa mwaka 2024, lilifanywa Burkina Faso, Mali, Bagamoyo na hapa hapa Kilifi. Kwa muda wa mwaka mmoja ilipunguza malaria kwa asilimia 75 penye malaria ya msimu na 68 penye malaria ya mwaka mzima. Mtafiti ambaye daftari lake lote ni ushindi, mimi namtilia shaka.

Ajabu moja sharti niitaje. Chanjo ya RTS,S ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, ilianzia Homa Bay na kaunti nyingine za upande wa ziwa, si Kilifi. Sababu ni ya haki, kwani huko malaria ni kali zaidi. Lakini nani aliwaeleza wazazi wa Kilifi, ambao watoto wao walitoa mikono, kwamba wao watangoja na kwa nini? Mtu hukubali kungoja akielezwa.

MAJINA YASIYOANDIKWA

Kuna kanuni za kimataifa za nani aitwe mwandishi. Lazima awe amechangia kazi kwa kiasi kikubwa, awe ameshiriki kuiandika au kuirekebisha, aikubali kabla haijachapishwa, na awe tayari kuijibia. Kanuni nzuri, huzuia mkubwa kujipachika jina bure. Lakini huyo kijana wa Kigiriama au Kichonyi aendaye mji kwa mji kwa pikipiki, ajuaye kubisha hodi, ajuaye kwamba mama hawezi kutia sahihi mpaka babu wa mji aulizwe, huyo hakuandika Kiingereza. Basi hayumo. Bila yeye hakuna tone, na bila tone hakuna makala.

Na lugha nayo ina lawama yake. Neno uchunguzi sisi tunalitumia daktari anapompima mgonjwa ili amtibu, na tunalitumia vilevile mtafiti anapopima wazima ili ajue jambo. Mama akiambiwa "tunamfanyia mtoto uchunguzi" anafahamu matibabu. Neno utafiti limekuja kutenganisha mawili hayo, lakini mashambani bado ni neno la wasomi. Watafiti wa Kilifi wenyewe, kama Sassy Molyneux, Vicki Marsh na Dorcas Kamuya, wameandika sana juu ya ugumu wa kuomba idhini, na kituo kimejiwekea wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji. Hizo ni hatua. Ila na makala hizo pia zimeandikwa Kiingereza.

Mfuko wa Wellcome huwataka watafiti wake wachapishe pasi kumtoza msomaji. Mlango umeachwa wazi, lakini kizingiti cha lugha kiko juu. Sioni ugumu gani ulioko kila makala iliyotokana na damu ya watu wetu kutolewa na ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha: tulitafuta nini, tulipata nini, hatukupata nini, na kitafuata nini. Ukurasa huo usomwe kwa chifu, usomwe chuoni, shuleni, na redio ziutangaze. Washairi tuko, wakitaka maneno tutawapa. Tulikuwa na kinga kabla hawajaihitaji.

Na kwenu wazazi wenzangu lipo la kwenu. Orodha za majina hizi zinajazwa na waliosoma sayansi. Mtoto anayehifadhi juzuu kadhaa kabla hajafikisha miaka kumi hana upungufu wa akili. Tukimtoa shule kidato cha pili akauze mitumba, kesho tusilalamike kwamba majina ya watu wa pwani hayamo.

Nilirudi kwa yule bibi nikamweleza haya kwa jinsi nilivyoweza. Nikamwambia damu ya watoto kama mjukuu wake husafiri hadi Cambridge na Melbourne, na hurudi ikiwa chandarua, ikiwa chanjo, ikiwa mwanafunzi aliyekuwa profesa. Akasikiliza, kisha akaniuliza, "Na jina la mjukuu wangu limo humo?"

Nikamwambia halimo. Mtoto huandikwa kwa namba ili siri yake isitoke, na hiyo ni haki yake.

"Vyema," akasema. "Jina wasiliandike. Lakini waje waniambie."